Nini Kimeondoka Katikati? Mwongozo wa Ana kwa Ana, Uso kwa Uso na Jamaa Zao

Andika katika ripoti ya shule kwamba mwalimu mkuu "alikutana faragha na mwanafunzi", na kesho yake utaitwa ueleze ulikusudia nini. Ulitaka kusema tu kwamba walizungumza wawili, darasa lisisikie. Neno ulilolichagua limesema zaidi, na si rahisi kulirudisha.

Kiswahili hakina uhaba wa maneno ya watu kukutana bila kizuizi. Tuna ana kwa ana, uso kwa uso, macho kwa macho, faraghani, chemba, pembeni, moja kwa moja, mubashara, mmoja mmoja. Kwa mbali yanafanana, na kamusi nazo hupenda kufasiri moja kwa jingine: ukitafuta ana kwa ana unaambiwa uso kwa uso, ukienda kwa uso kwa uso unarudishwa ulikotoka. Kamusi haijakosea, ila haijamaliza. Mwongozo huu ni kwa mtu anayeandika barua, ripoti, habari au hata ujumbe wa simu na anataka neno liseme alilokusudia, lisizidishe wala lisipunguze.

Njia ninayoipendekeza ni ya swali moja. Kabla hujachagua neno, jiulize: katikati ya hawa wawili palikuwa na nini ambacho sasa kimeondoka? Umbali? Mtu wa kati? Masikio ya watu wengine? Au hakuna kilichoondoka, wametokeana tu njiani? Kila jibu lina neno lake.

Ana kwa ana

Hili ndilo neno kubwa, na kazi yake ni kuondoa umbali au kumwondoa mtu wa kati. Maana ya umbali ilipata nguvu mpya Machi 2020, shule na vyuo vya Kenya na Tanzania vilipofungwa kwa sababu ya korona. Ghafla "masomo ya ana kwa ana" likawa jina la kitu ambacho hadi wakati huo kiliitwa masomo, basi. Tangu hapo tunasema mikutano ya ana kwa ana, mafunzo ya ana kwa ana, usikilizaji wa kesi wa ana kwa ana, na msomaji anaelewa mara moja kwamba kinyume chake ni mtandaoni.

Je, simu ya video? Mnaonana nyuso, hata kidevu kisichonyolewa kinaonekana. Hata hivyo usiandike kwamba mlikutana ana kwa ana. Sema mlizungumza kwa video, au mlionana mtandaoni. Ana kwa ana inadai miili iwe mahali pamoja.

Maana ya pili, ya kumwondoa mtu wa kati, ndiyo inayosahaulika na ndiyo tamu zaidi. Tazama Zanzibar. Muafaka wa 1999 kati ya vyama vya CCM na CUF ulipatikana kwa usuluhishi wa Jumuiya ya Madola. Ule wa 2001 ulijadiliwa na wajumbe wa vyama viwili. Kisha tarehe 5 Novemba 2009 Rais Amani Abeid Karume wa Zanzibar na Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF wakakutana wenyewe, Ikulu ya Zanzibar. Hapo ndipo yalipoanzia yale yaliyokuja kuitwa Maridhiano, na baadaye kura ya maoni ya 31 Julai 2010 na Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Mwandishi anayesema kwamba viongozi hao walikutana ana kwa ana hapimi mita zilizokuwa kati ya viti vyao. Anasema kwamba msuluhishi hakuwapo, mjumbe hakuwapo, barua haikuwapo: aliyekuwa na neno alilitamka, na aliyetakiwa kulijibu alikuwa mbele yake.

Ana kwa ana haiwezi kuwa ya upande mmoja. Julai 2022, katika kampeni za uchaguzi wa Kenya, wagombea wenza Martha Karua na Rigathi Gachagua walisimama jukwaa moja tarehe 19, wakajibizana. Huo ulikuwa mdahalo wa ana kwa ana, bila ubishi. Tarehe 26 ikawa zamu ya wagombea urais. Raila Odinga hakufika, na William Ruto akajibu maswali ya waandishi peke yake. Unaweza kuuita usiku ule mdahalo kwa kuwa ratiba iliuita hivyo, lakini ukiongeza "wa ana kwa ana" umeandika uongo.

Sasa tahadhari kwa wanaodhani neno hili lina maana ya watu wawili tu. Halina. Linataka pande mbili, na upande unaweza kuwa na umati. "Mkuu wa mkoa alikutana ana kwa ana na wavuvi" ni sentensi safi hata kama wavuvi walijaza ukumbi. Ukitaka kusema hapakuwa na mtu wa tatu, itabidi uliseme hilo: wawili peke yao, au yeye na katibu wake tu, au kwa lugha ya mtaani, mtu na mtu.

Kisarufi neno hili halina usumbufu. Linaandikwa maneno matatu, bila vistari. Halibadiliki kwa nafsi wala wingi: nilikutana naye ana kwa ana, tulikutana nao ana kwa ana, walikutana ana kwa ana. Usijaribu "wana kwa wana" kwa kuwa watu ni wengi. Likieleza nomino, linashikwa na kihusishi cha ngeli yake: mazungumzo ya ana kwa ana, usaili wa ana kwa ana, kikao cha ana kwa ana.

Uso kwa uso

Hapa mara nyingi hakuna aliyepanga. Mtu anakata kona anakutana uso kwa uso na mdai wake. Mchungaji anainua macho, yuko uso kwa uso na simba. Basi na lori yanagongana uso kwa uso. Uso kwa uso ina mshtuko ndani yake, na mara nyingi hatari, ilhali ana kwa ana ina mpango na nia. Kwa hiyo, ukiandika "waziri alikutana uso kwa uso na wafanyakazi waliogoma", msomaji anawaona wafanyakazi wamemziba njia getini. Ukiandika "ana kwa ana", anawaona wameketi.

Kuhusu magari, Kenya utasikia pia kwamba yamegongana ana kwa ana. Sitagombana na mtu kwa hilo. Mimi binafsi huliachia gari uso wake na kuwaachia watu ana yao.

Msomaji aliyekulia kanisani husikia jambo jingine katika uso kwa uso. Katika Biblia ya Kiswahili maneno haya yanatumika Kutoka 33:11, Musa anaposema na Mungu, na tena 1 Wakorintho 13:12, pale Paulo anapoeleza jinsi tutakavyoona siku ya mwisho. Huko hakuna ajali, kuna kicho. Ndiyo maana hata katika habari ya kawaida, uso kwa uso hubeba uzito ambao ana kwa ana haina. Ukiitumia kwa mkutano wa kukabidhi madawati, umepiga ngoma kubwa mno.

Na uso wenyewe si kiungo tu. Wahenga walisema uso umeumbwa na haya. Ndiyo maana mdai mwenye akili hafuati deni lake kwa simu, huenda mwenyewe asubuhi na mapema: ni rahisi kusema "kesho" ukiwa mbali, ni vigumu kuisema ukitazamwa. Anayeisema ukimtazama, bila kupepesa, tunamwambia ana macho makavu.

Kwenye michezo maneno haya mawili yamegawana kazi vizuri, na huko waandishi chipukizi wanaweza kujifunza bila kulipa ada. Kabla ya mechi ni uso kwa uso: "Simba, Yanga uso kwa uso Jumamosi." Ni tishio, ni mvuto, magazeti yauzike. Baada ya mechi, watu wa takwimu wanataka matokeo ya ana kwa ana, yaani mechi ambazo timu hizo mbili zilicheza zenyewe, nyingine zote zikiwekwa kando. Matokeo ya aina hiyo ndiyo yaliyoamua ubingwa wa Hispania mwaka 2007. Real Madrid na Barcelona zilimaliza zikiwa na pointi 76 kila moja, na Barcelona ilikuwa mbele kwa tofauti ya mabao. Lakini kanuni za La Liga hutazama kwanza matokeo ya ana kwa ana: Real ilikuwa imeshinda 2-0 nyumbani na kutoka sare ya 3-3 ugenini. Kombe likaenda Madrid. Ungeandika hapo "matokeo ya uso kwa uso", shabiki angekuelewa, ila angejua hukai kijiweni.

Mshambuliaji aliyewapita mabeki wote naye? Watangazaji wana sentensi yao isiyohitaji msaada wa neno lolote katika haya: "amebaki yeye na kipa."

Ndugu wa "kwa" wasiofanana

Muundo huu wa nomino moja iliyorudiwa na "kwa" katikati una hila. Wakati mwingine ni kuelekeana, kama uso kwa uso. Wakati mwingine ni kufuatana, kama hatua kwa hatua au nyumba kwa nyumba. Wapiga kampeni wa Tanzania hufika hadi "mtaa kwa mtaa, nyumba kwa nyumba, kitanda kwa kitanda", na hakuna anayewaelewa kuwa vitanda vimetazamana. Wakati mwingine ni kulipizana, jicho kwa jicho, jino kwa jino. Usiandike basi kwamba vyama viwili vya ushirika "vitashirikiana jino kwa jino". Vitashirikiana bega kwa bega.

Sako kwa bako ni karibu sana, mmoja nyuma ya mwenzake au wakikaribiana kwa nguvu, hivyo inafaa mbio na kura zinazohesabiwa, haifai mazungumzo. Mkono kwa mkono ni biashara: nipe mali, chukua fedha, papo hapo. Maharusi hawatembei mkono kwa mkono, wameshikana mikono. Macho kwa macho iweke akiba kwa ajili ya hadithi zako, za wapendanao au mahasimu wanaopimana.

Masikio yanapoondolewa

Faragha haiondoi umbali wala mjumbe. Inaondoa wasikilizaji na watazamaji. Haijali idadi: mtu mmoja anaweza kuwa faragha, na kamati ya watu kumi inaweza kukutana faraghani. Ndiyo maana neno hili limeingia katiba zetu likiwa haki ya mtu binafsi, Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania na Ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya, ambako linahusu mwili wa mtu, nyumba yake na mawasiliano yake.

Kinyume cha faraghani ni hadharani, na mara nyingi jambo moja huwa na nusu mbili. Tarehe 9 Machi 2018 Rais Uhuru Kenyatta wa Kenya na mpinzani wake Raila Odinga walizungumza faraghani, kisha wakatoka nje ya Harambee House wakapeana mikono hadharani. Wakenya wanakumbuka zaidi ile nusu ya pili, hadi ikaitwa handisheki, lakini ukiandika historia tenganisha: mazungumzo yalikuwa ya faragha, salamu zilikuwa za hadhara.

Tanzania ina neno jingine ambalo mgeni hulichanganya na faragha: mkutano wa ndani. Wakati mikutano ya hadhara ya vyama vya siasa ilipozuiwa kuanzia 2016 hadi Januari 2023, vyama viliendelea na mikutano ya ndani. Hiyo ingeweza kuwa na mamia ya wanachama, vipaza sauti na wimbo wa chama. Ni ya ndani kwa sababu ya ukumbi na uanachama, si kwa sababu ya usiri.

Chemba ina heshima ya mahakama. Jaji anaposikiliza jambo chemba, yuko katika chumba chake, si mahakama ya wazi. Kutoka huko neno limeshuka hadi maofisini na nyumbani: "bosi amemwita chemba" maana yake kuna la kuambiwa, na pengine si zuri. Pembeni ni jepesi zaidi. Watu wako pamoja, wawili wanajitenga hatua chache na kurudi. Pembe za chaki nazo zina harufu ya njama, kwa hiyo usiwaweke huko watu usiowashuku.

Kisha kuna kuteta, kitenzi kinachoweza kukugombanisha na msomaji wa upande wa pili wa mpaka. Chini ya picha katika magazeti ya Tanzania utakuta kiongozi "akiteta jambo" na mwenzake: wameinamiana, wanaongea kwa sauti ya chini, hakuna ubaya. Mkenya akisoma hivyo anaona ugomvi, maana kwake kuteta ni kulalamika au kuzozana. Na pande zote mbili, ukimtia mtu ndani ya kitenzi, kumteta fulani, unamsengenya. Ukiandikia wasomaji wa nchi zote, tumia "wakinong'onezana" au "wakizungumza kwa sauti ya chini", upate usingizi.

Turudi kwa mwalimu mkuu. Faragha na kukutana, kila kimoja peke yake, ni neno lisilo na doa. Vikiketi pamoja, na hasa kati ya mwanamume na mwanamke au mkubwa na mdogo, msomaji wa Kiswahili anakumbuka matumizi mengine: kukutana kimwili, mambo ya faragha. Dawa ni kueleza mazingira badala ya kutegemea neno moja. "Mwalimu mkuu alizungumza na mwanafunzi ofisini kwake, mwalimu wa malezi akiwepo." Au "walizungumza pembeni, barazani." Sentensi imerefuka kidogo, lakini hakuna atakayeitwa kuhojiwa.

Moja kwa moja, mubashara, mmoja mmoja

Moja kwa moja ni kuondoa vituo vya njiani. Nenda moja kwa moja hadi msikitini. Peleka malalamiko moja kwa moja kwa mkurugenzi. Inaweza pia kuwa ya kudumu, "ameondoka moja kwa moja", yaani hatarudi, na inaweza kuwa matangazo yanayorushwa wakati tukio likiendelea. Kwa hiyo "alizungumza naye moja kwa moja" ina utata: bila mjumbe, au hewani? Ikiwa ni hewani, siku hizi tunalo mubashara, ambalo Wakenya wengi hulitamka mbashara. Liache huko kwenye utangazaji. Vijana hulitumia kwa utani, "nimemwona mubashara", kama walivyozoea kusema "laivu", na mtu aliyeambiwa ukweli wake bila kupakwa mafuta amepewa "makavu laivu". Ni lugha tamu kijiweni; katika barua ya kuomba kazi itakuponza.

Mmoja mmoja ni mpangilio, si kukabiliana. "Daktari aliwaona wagonjwa mmoja mmoja": waliingia kwa zamu, kila mtu na haja yake. Ukieleza huduma ya ushauri ambapo mshauri hukaa na mteja mmoja kwa wakati, "ushauri wa mtu mmoja mmoja" inasikika vizuri kuliko "wa mmoja kwa mmoja", ambayo inafanana na watu wanaotaka kupigana. Kwenye ajira, Tanzania husema usaili, ikitenganisha usaili wa mchujo, wa vitendo na wa mahojiano. Kenya husema mahojiano tu. Ukiambiwa usaili wa mahojiano, jua utaketi mbele ya jopo. Ni ana kwa ana, lakini hamtakuwa wawili.

Kitenzi kabla ya neno

Hata ukichagua vyema, kitenzi kinaweza kukuangusha. Mkubwa hakabiliwi. Ukisema "nataka kumkabili mwenyekiti ana kwa ana", umeshatangaza vita. Mkubwa huonwa: nimekuja kumwona Mzee, naomba kuonana na Mheshimiwa. Mkutano nao ni neno la watu wengi; baina ya wawili, tumia miadi au ahadi. "Nina ahadi na mkurugenzi saa nne" inatosha kabisa kumwambia mlinzi wa getini.

Sauti nayo ihesabu. "Tutaonana" ikisemwa kwa utulivu ni kwaheri. Ikisemwa kwa kukaza, na kidole kimenyooshwa, ni ahadi ya uso kwa uso ambayo hakuna anayeitamani.

Na yapo mambo ambayo adabu yetu haitaki yawe ana kwa ana. Kijana haendi mwenyewe kwa baba wa binti kusema anataka kuoa. Huenda mshenga, na baba huwa na nafasi ya kukataa bila kumvunjia kijana uso. Hapo mtu wa kati si kizuizi cha kuondolewa. Anayeandika habari ya posa na kusifu "ujasiri wa kuzungumza ana kwa ana" amesifu utovu wa adabu.

Mwisho, ujumbe wa simu. Usimtumie mtu mzima maneno "naomba tuonane ana kwa ana" halafu ukanyamaza. Atalala akihesabu makosa yake. Mtoe wasiwasi kwa kutaja jambo, mahali na saa: "Shikamoo Mzee. Naomba nikuone kesho saa nne hapo nyumbani, ni kuhusu hati ya shamba. Nitakuja na Mama Salma." Hapo hukulazimika kutumia hata neno moja kati ya haya yote.